Farasi jike nimemnunua, nikiwa chini ananisikiliza vizuri, nikipanda tu anagoma getini. Tatizo ni nini?

#1 Mbalizi_Juu
Wakuu habari za jioni. Nimenunua farasi jike, nimeambiwa ana miaka tisa, katoka shamba moja Iringa vijijini lilikuwa linafungwa wakauza mifugo yote, nikamleta huku Mbalizi kwa fuso. Mtu wa kunifundisha huku hakuna kwahiyo nafanya mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda shamba. Nikiwa chini namwongoza kwa kamba hana neno, ananifuata, nikisimama anasimama, namwambia rudi nyuma anarudi, kwato zote nne ananipa nasafisha. Shida inaanzia kwenye tandiko. Nikikaza mkanda wa tumbo analaza masikio nyuma ananigeukia anataka kuuma. Nikishapanda, humo ndani ya uzio anatembea, mchakamchaka anakubali, ila tukifika getini tutoke nje hapo ndo mwisho. Nikimsukuma kwa visigino anarusha kichwa juu, anageuka, anataka bandani, na kuna siku alinyanyua miguu ya mbele. Naomba mnaojua mniambie, hii ni tabia, ni maumivu au ni upandaji wangu? Kumpiga sitaki.

#2 Mzee_wa_Plau
Huyo kakusoma. Nimefundisha maksai Mbozi tangu kijana, mnyama akishajua kwamba ukifika sehemu fulani unashindwa, kesho anaanzia hapo hapo. Mfunge na mwenzie aliyezoea, akigoma mpe fimbo mbili za maana, wiki haiishi kanyooka. Huruma ndo inaharibu wanyama wa kazi.

#3 Kijana_wa_Ipogolo
Mkuu si ungechukua pikipiki Boxer tu, haigomi getini haha. Natania, weka picha tumuone.

#4 Binti_Makete
Shikamoo Mzee wa Plau, ila kwenye fimbo hapo nakataa. Maksai anavuta kwa shingo, farasi anakubeba mgongoni na chuma umemtia mdomoni, sehemu za kuumia ni nyingi mno na mdomo wa kusema hana. Baba yangu alitunza farasi mashambani huko Mufindi na kitu cha kwanza alichotufundisha ni kwamba farasi akilaza masikio wakati unakaza mkanda, siku hiyo usipande mpaka umeupapasa mgongo wote. Mleta mada fanya hivi, asimame sehemu tambarare, bonyeza kwa vidole (sio kucha) pembeni ya uti wa mgongo pande zote mbili kuanzia nyuma ya mabega mpaka kiunoni, taratibu. Akididimiza mgongo, ngozi ikirukaruka au akinyanyua kichwa kila ukipita sehemu ile ile, hapo pana jambo. Angalia na manyoya, ukikuta mabaka meupe pale tandiko linapokaa ujue aliwahi kuliwa na tandiko kabla yako. Mtoto akichechemea kwa kiatu kinachobana humchapi, unamvua kiatu.

#5 Mzee_wa_Plau
Marahaba mwanangu. Lakini soma vizuri #1, kasema ndani ya uzio anatembea na mchakamchaka anaenda. Mgongo unauma getini tu?

#6 Chai_ya_Mufindi
Swali la mzee hapo juu ni zito msiliruke.

#7 Bwana_Josho
Afisa mifugo hapa. Maumivu na tabia vinaweza kukaa pamoja, anaanza kuumia, anagoma, anagundua kugoma kunamwondolea mzigo, maumivu yanaisha tabia inabaki. Kwahiyo mzee na Binti Makete wote mnaweza kuwa sahihi. Mambo mawili ya kuangalia kabla ya mengine. Moja tandiko, ukishapanda lazima vidole viwili au vitatu vipite kati ya tandiko na ule mfupa ulioinuka juu ya mabega, visipopita linamkandamiza. Pili meno. Meno ya farasi yanaendelea kuchomoza miaka mingi na anayasaga kwa kula, sasa magego ya juu yanabaki na ncha kali upande wa shavuni na ya chini upande wa ulimi, wewe ukivuta hatamu shavu linakatwa. Halafu kuna kijino kidogo mbele ya magego ya juu, lijamu (kile chuma cha mdomoni) likikigonga lazima arushe kichwa. Hiyo kurusha kichwa inanielekeza mdomoni kabla ya mgongoni.

#8 Kijana_wa_Ipogolo
Hicho kijino si kipo kwa madume tu? Nilisikia jike hana.

#9 Bwana_Josho
Hapo unachanganya na chonge. Chonge kwa kawaida ni za madume ndo maana dume mzima anafika meno 40 na jike mara nyingi anaishia 36. Hicho kijino ninachosema kinaota kwa wote, wengine wanacho wengine hawana, usipofungua mdomo hujui. Na mdomo wa farasi usiufungue kwa kubahatisha, magego yale yanakata kidole.

#10 Mtu_wa_Pawaga
Kamwene. Mnaongelea meno na mgongo, mi nauliza huyo farasi anaishi na nani? Katoka kwenye kundi la shamba kaja kukaa peke yake Mbalizi. Farasi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake hata usingizi hapati vizuri maana anazoea mmoja asimame macho wengine walale chini. Sasa pale bandani ndo sehemu pekee aliyoizoea na wewe unamwambia atoke aende barabarani bila mwenzake. Kwangu hiyo ni hofu.

#11 Mbalizi_Juu
Nashukuruni wote. Anakaa peke yake ndio, jirani zake ni ng'ombe wawili wa maziwa, katenganishwa nao na uzio wa mabanzi. Mgongo nimebonyeza, upande wa kushoto nyuma ya bega ngozi inaruka, leo imeruka sana jana kidogo tu. Mabaka meupe yapo mawili, moja kila upande, saizi ya sarafu. Tandiko nilipewa nalo siku namnunua, vidole viwili vinapita kwa shida.

#12 Binti_Makete
Hayo mabaka ndo jibu. Acha kupanda.

#13 Mzee_wa_Plau
Mabaka ni kidonda cha zamani mwanangu, kilishapona hicho.

#14 Binti_Makete
Kimepona ngozi mzee, lakini tandiko ni lile lile.

#15 Chai_ya_Mufindi
Mimi nimekuwa nikipanda kwenye mashamba ya chai huku Mufindi na naona mnaacha kitu kikubwa, ni WAKATI GANI mleta mada anaachia. Farasi hafundishwi na lile unalomfanyia, anafundishwa na sekunde unayoacha kumfanyia. Ukibana miguu, akapiga hatua moja mbele, ukaachia palepale, kajifunza kwamba hatua ya mbele inaleta nafuu. Ukibana akageuka kuelekea bandani, ukachoka ukaachia, au mbaya zaidi ukashuka, umemfundisha kugeuka, na farasi anashika somo kama hilo haraka sana. Kwahiyo getini usiombe atoke, omba hatua moja tu, achia, kaa kimya, msugue shingoni pale mbele ya mabega, omba nyingine. Akikataa kwenda mbele mzungushe kiduara kidogo miguu isisimame, kisha muulize tena. Na ukitaka kumaliza mazoezi maliza akiwa amefanya kitu hata kidogo, na ushukie upande wa NJE ya geti sio bandani. Ushuke nje, ulegeze mkanda nje, umrudishe kwa kutembea naye. Nje paanze kuwa sehemu ya kupumzika.

Na kama anarusha kichwa na kunyanyua miguu ya mbele, kuvuta hatamu zote mbili ni hatari, unaweza kumwangusha chali akakulalia. Mvute upande mmoja tu kichwa kije gotini kwako, miguu ya nyuma ikizunguka ni vigumu kunyanyuka. Hilo ulizoeshe kwanza akiwa ametulia.

#16 Kijana_wa_Ipogolo
Asee #15 umeandika, hii ningeiweka ukutani.

#17 Bwana_Josho
Chai ya Mufindi yuko sahihi kwenye kuachia. Ila ukimfundisha mnyama anayeumia kwa kuachia vizuri bado unamfundisha akiwa anaumia. Mpimeni uzito pia, mleta mada we mwenyewe una kilo ngapi?

#18 Mbalizi_Juu
71. Tandiko na vikuku vyake (vile vya kukanyagia) kama 8. Farasi hatuna mizani ya kumpandisha huku.

#19 Bwana_Josho
Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, hiyo ni kifua kwa sentimita. Halafu pima kutoka kwenye ncha ya bega mpaka ncha ya takoni, hiyo ni urefu. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 11,880, unapata kilo kwa makadirio. Wengi wanashauri mzigo wote, mtu na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wake.

#20 Mbalizi_Juu
Kifua 165, urefu 146. Nimepiga hesabu inakuja kama kilo 335.

#21 Mtu_wa_Pawaga
Basi asilimia 20 ni 67, we na tandiko mko 79. Umempita.

#22 Mzee_wa_Plau
Sasa mnataka afunge kula? Punda wa Wamang'ati huku wanabeba magunia na hawana kilo hata 200.

#23 Chai_ya_Mufindi
20 ni mwongozo tu, sio sheria. Farasi wa Iceland ni wafupi na wanabeba watu wazima kila siku. Inategemea upana wa kiuno, mifupa ya miguu, afya ya kwato, na mpandaji anakaaje. Mtu wa kilo 79 anayekaa sawasawa ni nafuu kuliko wa 60 anayedundadunda.

#24 Binti_Makete
Na punda akibeba gunia kupita kiasi haina maana haumii mzee wangu, maana yake amezoea kuumia.

#25 Mgeni_Njiani
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mi nilijua farasi hawawezi kuishi Tanzania wanakufa na mbung'o?

#26 Bwana_Josho
Mbung'o ni tatizo la mabondeni na porini, nyanda hizi za juu zenye baridi hawapo kama kule. Cha kuogopa kwa farasi Afrika ni kirusi kinachosambazwa na visubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma kuanzia jioni mpaka alfajiri. Ugonjwa unapanda mvua zinapokaribia kuisha na unaua farasi wengi sana, ile aina ya mapafu inaweza kumchukua ndani ya siku chache, anatoa povu puani. Kwahiyo jua likianza kuzama farasi aingie bandani, madirisha wavu, na usimlaze karibu na maji yaliyotuama.

Mleta mada, kwenye kupe pia uwe makini. Inua mdomo uone fizi, zinatakiwa ziwe pinki, zikiwa nyeupe au za njano anaweza kuwa na vimelea vya kupe kwenye damu na farasi wa hivyo anachoka, anakuwa mzito kwenda mbele, watu wanasema mvivu. Maabara ya TVLA (wakala wa serikali wa maabara za mifugo) ipo Iringa, damu inapimwa.

#27 Kijana_wa_Ipogolo
Kwani kupe si anampeleka josho tu na ng'ombe, ile dawa ya kuogesha.

#28 Bwana_Josho
HAPANA. Nasema kwa herufi kubwa. Soma kibandiko, baadhi ya dawa za josho zina amitraz, ng'ombe anavumilia lakini farasi utumbo unasimama, chakula kinaziba, anapata msokoto wa tumbo na farasi hawezi kutapika. Usimwogeshe farasi kwa dawa ya ng'ombe bila kumuuliza daktari wa mifugo.

Na kwa kuwa tumefika hapa, chakula. Usimpe cha kuku kabisa, hata kama kinauzwa bei nafuu. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe vinawekwa monensin, kwa kuku ni kinga, kwa farasi ni sumu ya moyo, kiasi kidogo kinatosha. Na mahindi yaliyoota ukungu ambayo nguruwe wanapewa farasi asiyaguse, kuna sumu ya ukungu inayoyeyusha ubongo wake, anaanza kuzunguka na kugonga kuta. Huku kwetu kila nyumba ina mahindi ndo maana nasisitiza.

#29 Mgeni_Njiani
Daah nimejifunza, asante dokta.

#30 Mtu_wa_Pawaga
Bwana Josho anakula nini huyo farasi ndo swali langu. Mleta mada?

#31 Mbalizi_Juu
Majani ya kukata, asubuhi na jioni pumba za mahindi ndoo ndogo, na chumvi ya kulamba. Cha kuku sijawahi kumpa. Fizi ni pinki.

#32 Mtu_wa_Pawaga
Punguza pumba. Nguvu nyingi kazi kidogo, anakaa bandani siku nzima halafu asubuhi unampanda, lazima alete fujo.

#33 Bwana_Josho
Pumba zina tatizo lingine pia, fosforasi nyingi kalsiamu kidogo, zikiwa ndo chakula kikuu mifupa inalegea baada ya muda na anaanza kuchechemea bila sababu inayoonekana. Majani yawe ndo chakula, karibu kilo 6 za majani makavu kwa farasi wa 335, akila kidogo kidogo siku nzima maana tumbo lake ni dogo. Maji safi muda wote.

#34 Binti_Makete
Mleta mada jaribu jambo moja rahisi. Weka blanketi tu bila tandiko, usimpande, mfunge mkanda mpana polepole, mtembeze kwa kamba mpaka nje ya geti. Halafu siku nyingine akiwa na lijamu, halafu siku nyingine na tandiko bila mtu. Utajua kinachomkera ni kipi. Ukichanganya vyote siku moja hujui.

#35 Mbalizi_Juu
Nimefanya alivyosema Binti Makete. Kwa kamba na blanketi, katoka geti bila shida. Kwa kamba, lijamu mdomoni, katoka ila anatafunatafuna sana na kutoa ulimi pembeni. Kwa kamba na tandiko bila mtu, masikio nyuma wakati wa mkanda lakini katoka. Nikapanda na blanketi tu bila tandiko na bila lijamu, hatamu nimefunga kwenye kamba ya kichwani. Hakulaza masikio kabisa. Lakini getini KAGOMA vilevile.

#36 Mzee_wa_Plau
Sasa si nilisema? Tandiko hakuna, chuma hakuna, kagoma. Hiyo ni tabia.

#37 Binti_Makete
Au ni uzito mgongoni mzee, kushoto nyuma ya bega bado panauma hata na blanketi.

#38 Mtu_wa_Pawaga
Au akiwa na mtu mbele yake anayemwongoza anaona mwenzake yupo, ukiwa juu hakuoni, anaona kaachwa peke yake. Hii inaendana na nilichosema #10.

#39 Chai_ya_Mufindi
Au alishajifunza kwamba mtu akiwa juu na geti likiwa mbele, jibu ni kugeuka. Uzi wote huu unaweza kuwa sahihi.

#40 Songwe_Kwetu
Nimesoma kuanzia mwanzo. Mleta mada hilo geti likoje? Kuna kivuli? Farasi macho yake yako pembeni anaona karibu pande zote ila mbele ya paji la uso na nyuma kabisa haoni, na akitoka kwenye mwanga mkali kuingia kivulini macho yake yanachelewa kuzoea kuliko yetu. Akiwa chini na kamba anashusha kichwa anaangalia vizuri anapita, ukiwa juu umeshika hatamu kichwa kimepanda haoni ardhi.

#41 Mbalizi_Juu
Geti liko chini ya mikaratusi, ni kweli asubuhi uwanja una jua na pale ni giza. Halafu upande wa kulia wa geti jirani ana banda la nguruwe.

#42 Kijana_wa_Ipogolo
NGURUWE!! Tumeandika maposti arobaini kumbe kuna nguruwe.

#43 Songwe_Kwetu
Farasi wengi wanaogopa nguruwe, harufu na ile sauti. Hilo tu linatosha.

#44 Binti_Makete
Ila kwa kamba anapita hapo hapo penye nguruwe jamani, #35 kasema.

#45 Songwe_Kwetu
Anapita kwa sababu anamwamini mtu aliyeko mbele. Mpandaji aliye juu bado hajamwamini.

#46 Ndaga_Fijo
Mimi nina wasiwasi na kitu kimoja, jamaa anafanya peke yake. Kabla ya kumfundisha farasi naomba wewe uwe salama. Helmeti uvae, ya bodaboda ni afadhali kuliko kichwa kitupu ila ya kupandia farasi ni nyingine. Viatu viwe na kisigino, raba mguu unapenya kwenye kikuku ukidondoka anakuburuta. Simu iwe mfukoni mwako sio kwenye tandiko, farasi akikimbia anakimbia na simu. Kamba usizungushe mkononi hata siku moja. Na mwambie mtu wa nyumbani unapanda saa ngapi.

#47 Mbalizi_Juu
Ndaga fijo ndugu yangu. Helmeti ninayo, mke wangu anajua muda. Kamba nilikuwa nakunja mikunjo, sijizungushii.

#48 Bwana_Josho
Na huyo ni jike, muda wa joto (anapotaka dume) unarudi kila baada ya siku kama 21 na unakaa karibu wiki. Baadhi wanakuwa wakali kwenye mkanda na kiuno siku hizo. Andika kwenye kalenda siku anazogoma sana, ukiona zinajirudia kwa mpangilio utajua.

#49 Chai_ya_Mufindi
Sababu ya kumi na ngapi hii, nimeshapoteza hesabu.

#50 Mbalizi_Juu
Wakuu mrejesho. Nimeazima punda kwa kijana mmoja anayebeba maji, akatangulia mbele na punda mimi nikiwa juu nafuata. Tandiko nimeweka blanketi nene lililokunjwa na tundu katikati ili mfupa usiguswe, vidole vitatu vinapita sasa. Tumetoka geti! Alisita, akashusha kichwa akanusa, akapita. Tumefika mpaka barabara ya lami tukarudi. Siku iliyofuata bila punda kagoma tena lakini hakunyanyua miguu, nikaomba hatua moja moja kama #15, akatoa tatu kuelekea getini nikashuka palepale. Mkanda bado analaza sikio moja.

#51 Mzee_wa_Plau
Mfunge na mwenzie aliyezoea. Someni #2 mstari wa tatu.

#52 Binti_Makete
Hongera mzee ila fimbo hajatumia. Na tandiko kalibadilisha siku hiyo hiyo, kwahiyo hatujui ni punda au ni blanketi.

#53 Mtu_wa_Pawaga
Ni punda. Nunua punda jike mkae naye moja kwa moja. Dume litakusumbua na kelele na kuna siku utapata nyumbu (mtoto wa punda na farasi) bila kupanga.

#54 Songwe_Kwetu
Ila Bwana Josho kasema punda wanabeba kile kirusi cha visubi?

#55 Bwana_Josho
Hilo nilikuwa sijasema ila umeuliza vizuri, punda na pundamilia wanakipata bila kuugua sana kama farasi. Kwa hiyo punda wa kutoka bondeni karibu na hifadhi mwishoni mwa mvua usimlete sasa, tafuta wa huku huku juu. Halafu punda anabeba minyoo ya mapafu bila kukohoa, ukimchanganya na farasi malishoni farasi ndo anakohoa. Mpe dawa ya minyoo kwanza, akae mbali kidogo, ndo waungane. Na meno usiyasahau, ule ulimi kutoka pembeni #35 haujanitoka kichwani. Tafuta daktari aliyezoea farasi, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wanaweza kukuelekeza.

#56 Mzee_wa_Plau
Punda mzuri wa huku juu ulizia siku ya mnada, nenda mapema.

#57 Mbalizi_Juu
Nimepokea. Daktari wa meno nimeshaanza kumtafuta, mpaka atakapokuja lijamu nimelitoa napanda na kamba ya kichwani ndani ya uzio tu. Mzee wa Plau huo mnada ni siku gani ya wiki?